Mfundisheni 'complacent' kwa kahawa ya babu yake

Mwanafunzi wa sekondari Embu au Meru akikutana na neno 'complacent' kwenye ufahamu, hufungua kamusi, hunakili maana daftarini, na wiki ikiisha halikumbuki tena. Si mzembe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kwa kukariri silabi zisizo na maana, na kitabu chake cha 1885 kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hivyo hututoka siku ya kwanza tu.

Kwa Kiswahili, kuwa 'complacent' ni kubweteka: kujiona umefika, ukaridhika hadi ukaacha kuchunga. Lakini maana peke yake haishiki. Ninawasihi walimu walifunge neno hili kwenye jambo linalosimuliwa majumbani, na kuanzia Runyenjes hadi Nkubu jambo hilo ni kahawa.

Julai 1975 sakitu iliteketeza mibuni kule Brazil. Bei ikapaa duniani, na kufikia 1977 mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya alikuwa akishika pesa ambazo hakuwahi kuziota. Kisha Julai 1989 migao ya mauzo iliyowekwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa ikavunjika, na bei ikaporomoka vibaya. Aliyeishi miaka ile akiamini neema haitakoma, ndiye 'complacent'. Mjukuu amuulize babu yake alivyoishi kabla ya 1989 na baada yake, kisha aandike sentensi zake mwenyewe.

Atatokea atakayesema wakulima wa miraa wa Igembe nao walibweteka, kwa kuwa Uingereza iliwafungia soko Juni 2014. Mimi nakataa. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza miraa isipigwe marufuku. Mkulima aliyetulia baada ya kusikia hayo alikuwa na sababu. Mwingine atajibu kwamba Uholanzi ilikuwa imeshatangaza marufuku yake tangu 2012, na onyo hilo lilitosha. Hoja nzito hiyo, nami sitaki mwalimu aikate upesi.

Darasa la mjini Maua, huko Igembe, liachwe libishane kwa Kiingereza: nani alibweteka, nani alikuwa na imani yenye msingi? Kila anayesimama atalazimika kulitamka neno, kulitetea, kulipinga. Mwalimu aliulize tena kesho yake, kisha wiki inayofuata, kisha mwezi ukiisha, kabla halijaanza kufifia.