Kumtii Mungu kwa Moyo Wote Katika Miradi Yetu



Katika semina za kamati za sharika, wazee wa kanisa wametuuliza zaidi ya mara moja: fedha ya mradi ikitumika kwa kazi nyingine ya kanisa, kosa liko wapi, ikiwa yote ni ya Mungu? Ni swali zuri, na sisi wa ofisi ya miradi hatuwezi kulijibu kama watu wasio na hatia.

Mnalijua tatizo la maji upande wetu wa Mlima Meru. Maji ya chemchemi nyingi hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi, ambayo huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakizidi sana huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita; baadhi ya vyanzo vyetu vina mara kadhaa ya hapo. Kwa sababu hiyo tuliomba fedha za kujenga matangi matatu ya maji ya mvua katika usharika mmoja. Mawili yalikamilika. La tatu lilibaki bila mifereji ya bati, kwani fedha yake iliwekwa sakafu katika nyumba ya mwinjilisti. Nyumba ile ilihitaji sakafu, hilo hatulikatai. Lakini sisi tuliwaandikia wafadhili kwamba matangi yote matatu yanafanya kazi, huku watoto wa upande ule wakiendelea kunywa maji yale yale.

Mfalme Sauli, katika 1 Samweli 15, alipita njia hiyo. Alitekeleza sehemu kubwa ya agizo, akabakiza mifugo iliyonona, na alipoulizwa akasema ni ya kumtolea Bwana sadaka. Utii wa nusu ni mgumu kuutambua unapovaa joho la ibada. Mkaidi wa wazi angalau anajijua.

Hapa kwetu utii umewahi kugharimu zaidi. Oktoba 1896, wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri pamoja na Wachaga waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. (Majina ya hao wawili tunayataja kila mara, wenzao tunawapita haraka, nao walikufa pale pale.) Kisha Wajerumani wakaja kulipiza kisasi kwa bunduki, wakaua watu na kuchukua mifugo. Hilo nalo tusiwafiche vijana wetu. Mwaka 1902 misioni ilirudi na kufungua kituo Nkoaranga, kati ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuwashuku wageni. Kuaminiwa mahali kama hapo kulihitaji miaka ya kufanya lililosemwa, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akikagua.

Sasa tumewaandikia wafadhili ukweli wote na kuomba radhi. Kamati ya usharika ule imekubali kurudisha gharama ya mifereji kutokana na mnada wa kila Jumapili baada ya ibada, ndizi kwa ndizi na yai kwa yai, na fundi ataanza kazi kabla ya masika. Usharika wowote wenye fungu lililohamishwa utuletee taarifa yake, hata kama haipendezi, tukae pamoja kupanga namna ya kulirejesha.