Kati ya Mjumbe na Mdhamini: Nafasi ya Mwakilishi wa Kuchaguliwa katika Baraza la Chuo Kikuu cha Umma nchini Uganda

Utangulizi

Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya Uganda ya mwaka 2001 inalifanya Baraza la Chuo kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kabisa katika chuo kikuu cha umma. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, kupanga ada, kusimamia mali na kuamua hatima ya watumishi. Anapotafutwa Makamu Mkuu wa Chuo, Seneti hupeleka majina matatu, na ni Baraza linalopendekeza mmoja kwa Mkuu wa Chuo ili ateuliwe. Wajumbe wa chombo hiki hawaingii kwa mlango mmoja. Wapo wanaoingia kwa vyeo vyao, wapo wanaoletwa na serikali, na wapo wanaopigiwa kura na wahadhiri, watumishi wengine, wanafunzi na wahitimu. Makala haya yanahusu kundi hili la mwisho, na yanajadili swali moja: mtu aliyetumwa na wenzake, akishaketi barazani, anamtumikia nani?

Maneno na mzigo wake

Kiswahili kinalidhihirisha swali hili kuliko lugha ya sheria yenyewe. Mtu anayeketi katika Baraza huitwa mjumbe, yaani aliyetumwa na mwenye ujumbe wa kufikisha. Wahenga walisema mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno anayoyasema si yake. Huitwa pia mwakilishi, na neno hili linatokana na uwakili: anayesimama mahali pa mwingine. Kwa majina haya mawili, mhadhiri aliyechaguliwa na wahadhiri anatazamiwa kubeba kauli yao kama alivyopewa. Hata hivyo, kazi anayokabidhiwa ni ya mdhamini, yaani mtu aliyeshika dhamana ya mali na uhai wa taasisi nzima, wakiwamo wasiompigia kura na wasiokuwapo bado. Sheria ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 inalitamka jambo hili waziwazi: mjumbe wa Baraza anapaswa kushiriki katika mijadala kwa maslahi bora ya taasisi, bila kujali ameingia kwa njia gani.

Neno baraza nalo lina utata wake. Katika miji ya pwani, baraza ni kibaraza cha mbele ya nyumba, ambapo mpita njia husimama, akasikiliza na pengine akachangia. Baraza la Chuo hukutana mlango ukiwa umefungwa. Wapiga kura wengi hukasirishwa na mlango huo kabla hawajaujua uamuzi uliopitishwa nyuma yake.

Asili ya muundo

Muundo wa Baraza na Seneti haukubuniwa Kampala. Tume ya Asquith, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945, ilipendekeza vyuo vya makoloni ya Uingereza vifuate mfano wa vyuo vya miji ya Kiingereza: Seneti ya wanataaluma isimamie mafunzo na mitihani, na Baraza, lenye watu wengi wa nje ya chuo, lisimamie fedha na mali. Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kiliingia katika mpango huo mwaka 1949 kikiwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Baadaye, kuanzia 1963, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970, Makerere kikawa chuo cha taifa na mkuu wa nchi akawa pia Mkuu wa Chuo. Sheria ya 2001 iliutenga Ukuu wa Chuo na urais, na hapo viti vya kuchaguliwa vikapata uzito ambao havikuwa nao wakati maamuzi makubwa yakitoka Ikulu.

Ada ya asilimia 15

Ugumu wa kazi hii unaonekana vizuri katika suala la ada. Mwaka 2018 Baraza la Makerere lilipitisha ongezeko la asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo, na ongezeko hilo liliwahusu wanafunzi wapya wanaojilipia. Ongezeko hilo ni la kulimbikiza: kila nyongeza hukokotolewa juu ya kiwango kilichokwisha kuongezwa. Kwa mfano wa hesabu tu, ada ya shilingi 1,000,000 hufika 1,150,000 baada ya nyongeza ya kwanza, 1,520,875 baada ya ya tatu, na 2,011,357 baada ya ya tano. Msomaji wa haraka wa maneno “asilimia 15” haoni kwamba ada itakuwa imezidi maradufu.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni nani alikuwa akiwakilishwa. Wanafunzi waliokuwa chuoni wakati huo hawakuguswa na nyongeza hizo. Waliokuwa wazilipe walikuwa bado shule za sekondari. Mwakilishi wa wanafunzi aliyelielewa jukumu lake kama la mjumbe tu angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba wapiga kura wake hawana malalamiko. Dhamana inamtaka aulize kuhusu mtoto asiyemjua. Mwezi Oktoba 2019 wale waliokuwa wamefika chuoni chini ya utaratibu huo mpya waliandamana, wanafunzi wa kike wakiwa mstari wa mbele, na wanajeshi wakaingia katika mabweni. Kura ya siku moja barazani ilikuwa imefika mitaani baada ya zaidi ya mwaka.

Muda nao huwatesa wawakilishi hawa. Serikali ya wanafunzi hubadilika kila mwaka, na bajeti ya chuo kikuu haisomeki kwa kikao kimoja. Mwanafunzi anapoanza kutambua kwamba fungu fulani limehamishwa kimyakimya, mrithi wake anakuwa tayari kwenye kampeni.

Mgongano wa maslahi

Kwa mwakilishi wa wahadhiri, tatizo hugeuka sura. Mwishoni mwa 2016 wahadhiri wa Makerere waligoma wakidai malimbikizo ya posho, na tarehe 1 Novemba Rais aliamuru chuo kifungwe. Hakikufunguliwa hadi mwanzoni mwa Januari 2017. Katika hali kama hiyo, mhadhiri aliyemo barazani anaidai taasisi ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wadhamini wake. Kanuni za kawaida za vikao humtaka atangaze maslahi yake, na mara nyingine atoke nje ya ukumbi. Kanuni hiyo ni nzuri inapohusu zabuni au kesi ya nidhamu ya jamaa. Ikitumiwa kwa kila ajenda ya mishahara, mhadhiri huondolewa ukumbini katika jambo lile lile lililofanya kiti chake kiwekwe, na wanaobaki kuamua ni watu wasiojua darasa lina wanafunzi wangapi. Utaratibu wa busara zaidi ni kutofautisha maslahi ya mtu binafsi na maslahi ya kundi zima: katika la kwanza atoke, katika la pili atangaze, achangie, na kumbukumbu za kikao zionyeshe hivyo.

Utendaji wa kila siku

Kazi nyingi hufanyika kabla ya kikao. Kabrasha la mkutano huweza kuwa na mamia ya kurasa, na mambo mengi hufika kwenye Baraza yakiwa yamekwisha kupikwa katika kamati. Mjumbe asiyekuwa katika kamati ya fedha huiona bajeti ikiwa imeiva. Kwa sababu hiyo, mwakilishi mzoefu hupigania kuingia katika kamati kuliko kuzungumza sana kwenye kikao kikuu.

Kisha hurudi kwa waliomchagua. Usiri wa kikao haumzuii kueleza uamuzi uliofikiwa na sababu zake pindi ukishathibitishwa. Unamzuia kusimulia nani alisema nini, na kutoa nyaraka za kesi za watumishi. Aliyepinga hoja anaweza kutaka upinzani wake uandikwe katika kumbukumbu. Asichoweza ni kulihujumu azimio nje baada ya kushindwa ndani, huku akiendelea kukalia kiti.

Nchi jirani ya Kenya ilichagua njia nyingine. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda mabaraza madogo ya wateule na maofisa wa wizara, bila kiti cha mtu aliyechaguliwa na wahadhiri wala wanafunzi. Hoja iliyozoeleka ya kutetea mabaraza ya namna hiyo ni wepesi wa maamuzi na kuepuka mgongano wa maslahi. Migomo ya wahadhiri ya 2017 na 2024 ilitokea chini ya mabaraza hayo, kama ule wa Makerere wa 2016 ulivyotokea chini ya Baraza lenye wawakilishi. Kiti peke yake hakizuii mgomo. Tofauti iko kwenye meza. Kampala, hati ya deni la watumishi inapowekwa mbele ya wajumbe, yupo angalau mmoja anayeweza kusema kwamba tarakimu iliyo katika ukurasa huo imeachwa nje posho za miezi fulani. Mwenzake wa Kenya huisema kauli hiyo kupitia chama chake, katika barua au mbele ya hakimu.