Pareto: sumu ya wadudu imejificha wapi kwenye ua?

Ukiliona shambani, ua la pareto halitishi hata kidogo: petali nyeupe, katikati njano, basi. Ila ndani yake mna sumu inayoweza kumwangusha mbu ndani ya dakika chache, na ndiyo wakulima wa Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na wenzao wa Molo na Nyandarua kule Kenya, wanayoiuza. Sasa swali: sumu hiyo iko sehemu gani ya ua? Usilichukulie poa, maana jibu lake ndilo linaloamua malipo ya mkulima.

Tuanze na ua lenyewe. Pareto (Tanacetum cinerariifolium) ni ndugu wa alizeti. Kwenye ukoo huu, kinachoonekana kama ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi sana. Ile duara ya njano katikati ni vijiua vilivyobanana, na kila kimoja hutengeneza kimbegu kimoja. Zaidi ya asilimia 90 ya sumu, yaani pairethrini, iko kwenye vimbegu hivyo. Petali nyeupe zina kidogo mno.

Inauaje? Neva za mdudu hupitisha ujumbe kwa kufungua na kufunga vijimlango vya sodiamu. Pairethrini hung'ang'ania mlango ukabaki wazi. Ujumbe unapigwa mfululizo bila kukatika, mdudu anatetemeka, anaanguka. Sisi binadamu miili yetu huivunja haraka, na mwanga wa jua nao huivunja. Samaki na nyuki hawana bahati hiyo, kwa hiyo "ya asili" haimaanishi "haina madhara". Kwa kuwa haidumu juani, wanakemia waliunda nakala zake zinazostahimili mwanga, kama pamethrini ya miaka ya 1970. Dawa za jamii hiyo ndizo zilizomo kwenye vyandarua vyetu.

Turudi shambani. Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, Kroatia, lakini huku kwetu inataka milima. Bila baridi ya kutosha, hasa usiku, haiweki machipukizi ya maua. Ukiipanda Morogoro mjini utavuna majani tu. Ni mmea wa kudumu: ukishapanda, unachuma kwa miaka mitatu hivi kabla ya kupanda upya. Wengi hupanda vipande vilivyogawanywa kutoka shina mama. Kuna mantiki hapo. Pareto haijichavushi yenyewe, kwa hiyo miche ya mbegu hutofautiana, wakati kipande hubeba sifa zilezile za mama yake.

Muda wa kuchuma ndio roho ya kazi. Chuma pale safu tatu hadi tano za vijiua vya njano zinapokuwa zimefunguka. Ukiwahi, vimbegu havijajaza sumu. Ukichelewa, ua linazeeka na ubora unashuka. Maua hayakomai kwa pamoja, hivyo unarudi shambani kila baada ya wiki mbili au tatu. Chuma kichwa peke yake. Kikonyo kinaongeza uzito tu, sumu yake ni kidogo mno.

Kisha anika siku hiyohiyo, kwa tabaka jembamba, ukigeuza. Maua yaliyorundikwa mabichi hupata joto na kuvunda. Yakishakauka yaondoe juani uyahifadhi pakavu, pasipo na mwanga.

Sasa hesabu. Kilo nne za maua mabichi hutoa takribani kilo moja kavu. Tuseme majirani wawili wamepeleka kilo 10 kavu kila mmoja. Ya kwanza ina pairethrini asilimia 1.0, ya pili 1.8. Mzani unasema wako sawa, lakini mmoja ameleta gramu 100 za sumu, mwenzake gramu 180. Panapolipwa kwa ubora, hawaondoki na pesa sawa. Tofauti hiyo huanzia kwenye aina ya vipande walivyopanda, ikaendelea kwenye siku waliyochuma na jinsi walivyoanika. Kwa hiyo kabla ya kuongeza ekari, hesabu kwanza safu za njano.