Je, Darth Vader Alisema Kweli? Miaka Mitatu ya Makisio

Mwezi wa Mei mwaka 1980, watu waliokwenda katika majumba ya sinema ya Marekani kuitazama filamu ya The Empire Strikes Back walitoka wakiwa wamebeba habari nzito waliyopewa na mtu mwovu kuliko wote katika hadithi ile, habari isiyokuwa na shahidi wala ithibati. Darth Vader, jemadari mrefu aliyevaa nguo nyeusi na kofia ya chuma iliyomfunika uso mzima, alikuwa amekwisha kumkata kijana Luke Skywalker kiganja cha mkono wa kuume, na akiisha kumsukuma hata ukingoni mwa shimo lisiloonekana mwisho wake, akamwambia kwamba yeye ndiye baba yake mzazi. Luke akakataa kwa ukelele, akajiachia shimoni kuliko kuupokea mkono alionyoshewa. Baada ya dakika chache filamu ikaisha, na kila aliyetaka kujua kama maneno yale yalikuwa kweli au hila ya vita ikampasa kungoja mpaka tarehe 25 Mei 1983, filamu ya tatu, Return of the Jedi, ilipotoka.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi hii, yatosha kueleza kwamba ilianzia katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, iliyotungwa na kuongozwa na George Lucas, nayo ni hadithi ya vita baina ya dola dhalimu na waasi wachache katika galaksi ya mbali, kulikokuwa na mashujaa wa kale walioitwa Jedi. Katika filamu hiyo ya kwanza mzee Obi-Wan Kenobi, Jedi aliyekuwa akiishi faraghani jangwani, alimhadithia Luke kwamba baba yake alikuwa Jedi mwema, na kwamba Vader, mwanafunzi wa Obi-Wan aliyeasi, ndiye aliyemsaliti na kumwua. Basi kufika mwaka 1980 watazamaji walikuwa na shahada mbili zisizoweza kupatana. Moja ilitoka kinywani mwa mzee mwadilifu aliyetoa nafsi yake ili wengine waokoke, na ya pili ilitoka kwa mtu aliyewanyonga maofisa wake mwenyewe kwa sababu ya makosa madogo. Kuikubali ile ya pili kulikuwa na maana ya kukubali kwamba mwadilifu alisema uongo na dhalimu akasema kweli, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, kwa maana walioshindana juu yake, wengi wao wakiwa watoto na vijana, walikuwa wakishindana juu ya nani anayestahili kuaminiwa.

Waliomkadhibisha Vader walisema kwamba adui aliyekwisha kumshinda mtu kwa upanga hutafuta pia kumvunja moyo, na kwamba Vader alikuwa na haja kubwa ya kumvuta Luke upande wake ili wamwangushe mfalme wao pamoja, kwa hiyo uongo ule ulikuwa na faida iliyo dhahiri. Waliomsadiki walikuwa na burhani zilizotaka jicho kali zaidi. Walikumbusha kwamba katika filamu ya kwanza mjomba wa Luke alionyesha hofu alipotajiwa jinsi kijana yule alivyomshabihi baba yake, nayo ni hofu isiyofahamika ikiwa baba huyo alikuwa shujaa mwema na kwisha. Wakalitaja tena lile pango la kinamasini katika sayari ya Dagobah, ambamo Luke alipigana na kivuli cha Vader, akamkata kichwa, na ile barakoa ilipopasuka akauona ndani yake uso wake mwenyewe. Kisha wakaonyesha kwamba Luke, akiwa amening'inia chini ya mji wa mawinguni walimopigania, hakumlaani Vader kuwa ni mwongo, bali alimlalamikia Obi-Wan kwa kumficha. Binafsi naona hoja hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, kwa kuwa moyo wa mwenye kuambiwa ulikuwa umekwisha kusadiki kabla ya akili yake.

Yafaa kukumbuka jinsi watu wale walivyokuwa wakifanya kazi yao. Katika mwaka 1980 hapakuwa na kanda ya filamu hii ambayo mtu angeweza kuichukua nyumbani, akairudisha nyuma na kuisimamisha atakapo. Aliyetaka kuhakikisha tamko moja alikata tiketi nyingine, akakaa tena gizani, akatega masikio. Palikuwa na kitabu cha riwaya alichokiandika Donald F. Glut kwa kuifuata filamu, palikuwa na katuni za Marvel, palikuwa na gazeti la Starlog lililoandika habari za filamu za namna hii, na palikuwa na jarida la chama cha mashabiki lililoitwa Bantha Tracks. Na mwezi wa Aprili mwaka 1981, Star Wars iliporudishwa majumbani mwa sinema, maandishi ya mwanzoni yaliongezewa maneno yanayosema kwamba hiyo ni sehemu ya nne. Nyongeza hiyo ndogo iliwafungulia watu mlango mpana, kwani ilimaanisha kwamba zipo sehemu tatu zilizotangulia ambazo hakuna aliyeziona, na bila shaka ndani yake ndimo alimokuwamo baba wa Luke, awe ni nani.

Wasichokijua ni kwamba walioitengeneza filamu wenyewe walikuwa gizani karibu sawa na wao. Mswada wa kwanza ulioandikwa na Leigh Brackett, mwandishi mashuhuri wa riwaya za sayansi aliyefariki mwezi wa Machi mwaka 1978, mara tu baada ya kuukabidhi, haukuwa na siri hiyo hata kidogo, maana ndani yake baba wa Luke anatokea kama roho njema, mbali kabisa na Vader. Lucas ndiye aliyewafanya watu hao wawili kuwa mtu mmoja alipoandika upya, na akalificha jambo hilo hata kwa waigizaji. Ilipofika siku ya kupiga picha za tukio lile, katika studio za Elstree huko Uingereza, David Prowse aliyekuwa ndani ya vazi la Vader alipewa maneno mengine, yanayosema kwamba Obi-Wan ndiye aliyemwua baba wa Luke. Mark Hamill aliyemwigiza Luke alinong'onezwa kweli muda mfupi tu kabla ya kamera kuanza, na mwongozaji Irvin Kershner alikuwa mmoja wa wachache mno walioijua. Maneno yenyewe yaliingizwa baadaye na James Earl Jones, mwenye sauti ile nzito ya Vader, naye alikuja kusimulia kwamba alipoyasoma alidhani Vader anasema uongo. Ikiwa mtu aliyeyatamka kwa kinywa chake hakuyaamini, sembuse mtoto wa miaka tisa aliyeyasikia akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili!

Maswali mengine mawili yalifuatana na hilo. La kwanza lilimhusu Han Solo, nahodha jasiri aliyegandishwa katika bonge la madini na kuchukuliwa kwa mkuu wa majambazi, na hapa makisio yalichanganyika na habari za mikataba, kwa kuwa Hamill na Carrie Fisher walikuwa wamefungamana kucheza filamu tatu ilhali Harrison Ford hakuwa amefungamana. Lucas hakuwa na yakini ya kumpata tena, na bonge lile liliacha njia zote mbili wazi. La pili lilizaliwa na tamko moja la Yoda, mwalimu mdogo mwenye umri wa mamia ya miaka, aliposikia roho ya Obi-Wan ikisema kwamba kijana yule ndiye tumaini lao la mwisho, akajibu kwamba yuko mwingine. Ni nani huyo mwingine? Wengine walimtaja binti mfalme Leia, wengine Han Solo, na wako waliomtaja hata Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo ambaye hakupata kuonyesha uso wake. Lucas amekwisha kueleza kwamba aliliweka tamko lile ili watazamaji wahisi kwamba Luke aweza kufa na hadithi ikaendelea pasi naye, yaani lilikusudiwa kutia hofu, nalo likazaa udadisi.

Kukata hadithi mahali penye utamu ni ada kongwe. Wasomaji wa Kiswahili waliomjua Shahrazadi katika Alfu Lela U Lela, iliyokuwa imekwisha kuchapishwa kwa lugha yetu katika miaka ya 1920, wanafahamu kwamba mfalme hakumwacha hai kila kulipopambazuka kwa sababu nyingine ila ya kutaka kuyasikia yaliyosalia. Mimi nayahesabu makisio ya watazamaji kuwa ni sehemu ya hadithi yenyewe, wala siwaafiki wanaoyaita upuuzi wa watu wasio na kazi, kwa maana mwenye kukisia hulazimika kurudi nyuma, kuyapima maneno, kumwuliza kila mhusika ana haja gani na ana hofu gani, na kuikubali au kuikataa dhana kwa ushahidi uliomo ndani ya kazi. Huo ndio usomaji hasa, na wengi wa vijana wale hawakupata kusoma kitabu chochote cha darasani kwa bidii ya namna hiyo.

Lakini iko namna nyingine ya kujua mbele, nayo ni ile ya siri iliyovuja, na filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, iliyotoka mwezi wa Juni mwaka 1982, yaonyesha madhara yake na pia werevu wa walioyaepuka. Kabla filamu haijamalizika habari zilienea kwamba Spock, aliyeigizwa na Leonard Nimoy na kupendwa na mashabiki tangu mwaka 1966, atakufa. Barua za hasira zikamiminika. Watungaji wakafanya hila iliyo bora kuliko hila zote ninazozijua katika filamu za aina hii: katika dakika za kwanza kabisa merikebu ya angani inashambuliwa, mabaharia wake wanaanguka mmoja baada ya mwingine, akiwemo Uhura, yule mwanamke ambaye jina lake lilichotwa katika neno letu la uhuru, na Spock mwenyewe anaanguka kama waliokufa. Kisha taa zinawashwa, na tunaambiwa kwamba yalikuwa mazoezi ya wanafunzi. Nahodha Kirk anamwuliza Spock kama si amekwisha kufa, na hadhira ikashusha pumzi ikidhani kwamba uvumi wote ule ulikuwa umekusudia jambo hilo tu. Spock alipokufa kweli mwishoni, msiba uliwakuta watu wakiwa hawana ngao. Na baada ya watazamaji wa majaribio kutoka na huzuni iliyopita kiasi, pakaongezwa picha ya jeneza lake likiwa limetulia katika majani ya sayari mpya, kinyume cha mapenzi ya mwongozaji Nicholas Meyer, na makisio mapya yakaanzia hapo yakadumu miaka miwili.

Lucas naye, mwaka huohuo wa 1982, alikuwa akiilinda filamu yake ya tatu kwa jina la uongo. Ilipopigwa picha katika vilima vya mchanga vya kusini mwa California na katika misitu ya kaskazini yake, karibu na Crescent City, ilitangazwa kuwa ni filamu ya kutisha iitwayo Blue Harvest. Jina la kweli lilikuwa Revenge of the Jedi, na mabango yalikwisha kuchapwa kwa jina hilo, hata Lucas alipoamua kwamba kisasi hakiwaelekei Jedi, akaliondoa neno hilo na kuweka Return. Mabango ya jina la kwanza yaliyosalia yakauzwa kwa wanachama wa chama cha mashabiki.

Jibu la swali kubwa lilitolewa kwa namna iliyoonyesha kwamba watu wa Lucas waliwafikiria sana watoto. Walipewa shauri na mtaalamu wa saikolojia kwamba watoto wadogo wangeendelea kuamini kwamba Vader ni mwongo mpaka mtu wanayemwamini awaambie waziwazi, na ndiyo maana Luke anarudi kwa Yoda, akamkuta katika saa yake ya mwisho, na Yoda anakiri kwamba ni kweli. Roho ya Obi-Wan nayo inakuja kujitetea, ikisema kwamba yule mtu mwema aliyekuwa baba wa Luke alikufa siku Vader alipozaliwa. Wengi hawakuridhika na utetezi huo mwaka 1983. Mimi naona umefaa, kwa kuwa unamwacha Luke na huzuni halali juu ya mwalimu wake.

Jibu la yule mwingine silioni kuwa na nguvu hiyo. Ilidhihirishwa kwamba ni Leia, na kwamba yeye ni pacha wa Luke, ilhali katika filamu ya pili Leia alikuwa amembusu Luke kwa namna isiyokuwa ya ndugu, na katika fikira za mwanzo za Lucas dada huyo alikuwa mtu mwingine kabisa, aishiye mbali, ambaye angeletwa katika filamu za baadaye ambazo Lucas alikwisha kuacha kuzikusudia. Hata hivyo wako waliomtaja Leia kwa haki, nao hawakuhitaji habari ya damu ili wamfikie. Walikuwa wameona kwamba Luke alipokuwa amening'inia chini ya mji wa mawinguni, bila chombo cha kupelekea sauti, alimwita Leia kwa moyo, naye akasikia, akaamuru merikebu igeuzwe irudi kumchukua.