Neno "Jasusi" na Uzito Wake

Yako majina ambayo mtu akiisha kuvikwa, ni taabu kuyavua. Mwizi hukamatwa na mali, na mwongo huumbuliwa na maneno yake mwenyewe. Lakini mtu akiitwa jasusi, ajitetee kwa lipi? Akikana, watu husema kwamba kukana ndiyo kazi ya jasusi. Akinyamaza, husema amekiri. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kulipima neno hili, nasi twaanzia Rungwe.

Mwalimu wa Mpuguso

Mji wa Tukuyu, ambao Wadachi waliujengea boma wakauita Neu Langenburg, umekaa juu ya vilima vyenye mvua nyingi, migomba na chai. Mwendo wa maili chache kutoka hapo pana Mpuguso, ambapo leo pana chuo cha ualimu. Katika miaka ya kwanza ya 1960 palikuwa na shule ya kati, na mmoja wa walimu wake alikuwa kijana wa Kimarekani, jina lake Leonard Levitt. Kijana huyo aliletwa na Peace Corps, yaani Kikosi cha Amani, kilichoanzishwa na Rais Kennedy mwezi wa Machi 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana hao.

Mzazi wa Rungwe aliyemkabidhi mgeni huyo mwanawe hakukosa haki ya kujiuliza: huyu ameacha kwao kwenye neema, akaja kukaa nasi katika matope haya, amefuata nini? Swali hilo halikuishia vijijini. Mwaka 1964 John Mwakangale, kiongozi wa TANU kutoka nchi hiyo hiyo ya Wanyakyusa, alisema waziwazi kwamba watu hao hawakuja kwa amani, wamekuja kwa fujo, na kwamba hawatakiwi tena. Alieleza kuwa kila walipo, husikika khabari za serikali kutaka kupinduliwa.

Je, Mwakangale alikuwa mtu wa kuota ndoto mchana? La, hasha. Tuukumbuke mwaka wenyewe. Mwezi wa Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na baada ya siku chache askari wa Tanganyika waliasi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ilikuwa ikiwaka moto, na Patrice Lumumba alikuwa amekwisha uawa tangu Januari 1961. Tena mwaka 1975 Baraza la Seneti la Marekani lenyewe lilifichua kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilitayarisha sumu ya kumwulia Lumumba. Hofu ya viongozi wetu, basi, ilikuwa na mizizi.

Walakini, kutoka katika neno "CIA hufanya maovu" hadi neno "mwalimu wa Mpuguso ni mtu wa CIA" pana bonde, na bonde hilo halivukwi ila kwa daraja la ushahidi. Peace Corps ina kanuni ya kutompokea mtu aliyepata kuitumikia CIA. Mtu aweza kusema kwamba kanuni huvunjwa, na ni kweli. Lakini anayesema imevunjwa ndiye atakiwaye kuonyesha. Mambo ya Levitt yaliyo wazi ni haya: alifundisha, akarudi kwao, akatoa kitabu An African Season mwaka 1967, kisha akawa mwandishi wa magazeti huko New York. Mmoja wa wanafunzi wake wa Mpuguso, Godfrey Mwakikagile, alikuja kuwa mtungaji wa vitabu vingi vya mambo ya Afrika. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka nchini, na ikarudi mwaka 1979.

Barua na simu

Mwezi wa Novemba 1964 jambo lilikua. Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kuwa zimepatikana barua zinazoonyesha njama ya Wamarekani ya kuipindua serikali. Wananchi walighadhibika. Marekani ikasema ni barua za kughushi, na baada ya kuzichunguza Rais Nyerere alikubali kwamba hazikuwa za kweli. Ghadhabu ya nchi nzima ilikuwa imewashwa kwa karatasi za uongo.

Haikupita miezi mingi. Mwezi wa Januari 1965 serikali iliwafukuza wanabalozi wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci wa Zanzibar. Sababu ilikuwa mazungumzo yao ya simu yaliyosikilizwa kwa siri, ambamo walisema kwa mafumbo juu ya kuhitaji "risasi". Wamarekani walieleza kuwa hiyo ilikuwa lugha ya mfano tu: walikuwa wakitafuta hoja za kuishawishi Washington ipeleke salamu za pongezi kwa ukumbusho wa Mapinduzi ya Zanzibar.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1978, Carlucci huyo huyo alifanywa naibu mkuu wa CIA. Aliyemshuku tangu zamani aweza kusema, "Si tulisema?" Lakini tupime kwa haki: cheo cha mwaka 1978 hakithibitishi kazi ya mwaka 1965, wala hakimtakasi mtu. Tuhuma ndiyo tabia yake. Hupata chakula kila siku, isishibe.

Tazameni pia jinsi gurudumu lilivyogeuka. Kambona, aliyewanyoshea wengine kidole, alijiuzulu mwaka 1967 akaenda London. Katika kesi kubwa ya uhaini iliyoanza mwaka 1970 alitajwa kuwa kiongozi wa njama, naye hayupo nchini. Miongoni mwa walioshitakiwa alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyewaamsha maelfu ya wanawake katika kupigania uhuru. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiliwa mwaka uliofuata kwa msamaha wa Rais. Kambona hakurudi nyumbani mpaka mwaka 1992.

Khabari ya Walid

Waislamu hatukuachwa bila taa katika giza hili. Sura ya Hujurat yatukataza dhana nyingi, yatukataza kupelelezana, na yatuamrisha kuihakikisha khabari iletwayo na mtu asiyeaminika. Na neno letu "jasusi" latoka katika shina lile lile la Kiarabu la makatazo hayo. Wafasiri wengi wasimulia kwamba Walid bin Uqba alitumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Alipowaona wakitoka kumlaki aliogopa, akarudi Madina, akasema wamekataa zaka na wametaka kumwua. Ilikuwa karibu watu wale wapigwe vita. Khabari ilipochunguzwa, wakaonekana ni Waislamu watiifu waliotoka kumheshimu mgeni wao. Angalieni: mleta uongo alikuwa mtumishi wa dola, na waliokuwa karibu kuangamia ni raia wema.

Siku hizi

Leo Idara ya Usalama wa Taifa yaendeshwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1996, na majina ya watumishi wake ni siri. Basi kila wilaya ina minong'ono yake: bwana fulani wa ofisi ya wilaya ni mtu wa usalama, mwalimu mkuu yule ana mabwana wengine. Majirani huacha kusalimiana, na vijana huogopa kutoa maoni yao hata katika jambo la haki.

Sisi twasema hivi. Dola haina budi kuwa na siri zake, na raia hana njia ya kuufungua moyo wa ofisa ili ajue anamtumikia nani. Lakini matendo yake yaonekana. Fedha za wilaya zimekwenda wapi? Shamba la mjane limechukuliwa kwa sheria gani? Kijana aliyekamatwa amefikishwa mbele ya hakimu? Haya yaulizwe kwa sauti, barazani na mbele ya sheria, kwani yana majibu yawezayo kuhakikishwa. Ofisa mwovu hupenda sana watu wanong'one juu ya siri zake, maana wakati wa kunong'ona hawahesabu fedha.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akasema, "Fulani ni jasusi," msimcheke wala msimpigie makofi. Mwulizeni: umeona nini wewe mwenyewe? Nani amekuambia, naye aliona nini? Asipokuwa na jibu, neno hilo na likome hapo hapo kizingitini, lisipite kwa jirani.

Mwenyezi Mungu atulinde na wenye hila, na atulinde tusiwe miongoni mwa wanaowadhulumu wasio na hatia. Amin.