'Mshukiwa' au 'mwathiriwa'? Tofauti inayosahaulika habari zinapotoka Gusii

MANENO ya Kiingereza "suspect" na "victim" hayakosi katika taarifa za uhalifu, na Kiswahili huyatafsiri bila taabu: mshukiwa na mwathiriwa. Taabu huanza habari inapotoka Kisii au Nyamira, na aliyeuawa ni ajuza aliyeitwa mchawi.

Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo hilo la Gusii. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii. Taarifa za Kiingereza kuhusu mauaji ya aina hii huwaita marehemu "suspected witches", na kwa Kiswahili wakawa "washukiwa wa uchawi".

Kitenzi "suspect" ni dhana ya moyoni tu. Yeyote aweza kumshuku jirani yake. Lakini kama nomino, hasa kinywani mwa polisi, humaanisha mtu ambaye mamlaka yana sababu ya kumhusisha na kosa. "Mshukiwa" hubeba maana zote mbili, na msomaji wa magazeti amezoea hii ya pili. Hivyo bibi ambaye hakuwahi kuhojiwa na askari yeyote hugeuzwa mtu mwenye kesi ya kujibu, naye yu kaburini.

Sheria yenyewe yaelekea kwingine. Chini ya Sheria ya Uchawi ya 1925, kumshutumu mtu kuwa mchawi ni kosa, isipokuwa shutuma hiyo ipelekwe kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Umati haumo katika orodha hiyo. Washukiwa, basi, ni wale walioshika kiberiti.

"Victim" limetokana na neno la Kilatini lililomaanisha mnyama wa kafara. "Mhanga" la Watanzania halitofautiani nalo sana. Neno hili halichunguzi tabia za marehemu, bali hueleza tu kwamba ametendewa.

Ikibidi shutuma itajwe, "aliyeitwa mchawi na umati" huiacha kwa wenyewe walioitoa. Ama nafasi finyu ya kichwa cha habari si kisingizio: "Umati waua wanawake wanne" ni kifupi kuliko "Washukiwa wanne wa uchawi wauawa", na humtaja muuaji.