Rangi ya mkojo: Lini unywe maji, lini umwone daktari

NI watu wachache wanaotazama mkojo wao kabla ya kuumwagia maji chooni. Wengi huona kufanya hivyo ni aibu. Hata hivyo, rangi ya mkojo inaweza kukufahamisha, bila gharama yoyote, iwapo mwili wako una maji ya kutosha, na wakati mwingine iwapo kuna ugonjwa unaokunyemelea. La muhimu ni kutofautisha rangi ambayo dawa yake ni maji tu na ile ambayo maji hayawezi kuiponya.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo. Rangi ya manjano hutokana na chembechembe nyekundu za damu ambazo huzeeka na kuvunjwa baada ya siku 120 hivi. Ukinywa maji kidogo, figo huyazuia yasipotee, na mkojo huwa mchache na wenye rangi iliyokolea.

Mnamo 1994, Lawrence Armstrong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walitoa kipimo chenye rangi nane za mkojo. Kwa kifupi, rangi inayofanana na maji yaliyokamuliwa ndimu ni dalili njema. Ikikaribia rangi ya asali, mwili unadai maji. Usitishwe na mkojo wa alfajiri, kwani huwa umekolea kwa sababu hukunywa chochote usiku kucha.

Mjini, wengi hujinyima maji wakihofia kubanwa na haja ndogo ndani ya matatu, katikati ya msongamano wa magari. Wengine, wakiona mkojo wa manjano iliyokolea, hukimbilia duka la dawa kununua tembe za malaria. Malaria hupimwa kwa damu, si kwa rangi ya mkojo. Ikiwa huna homa wala maumivu, kunywa gilasi mbili za maji kisha utazame tena baada ya saa chache.

Chakula na dawa

Ukila bitiruti, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Tembe za vitamini B huufanya uwe wa manjano inayong'aa. Nayo rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa ya rangi ya machungwa. Mgonjwa asiyeelezwa jambo hili huenda akashtuka na kuacha dawa. Usiache! Rangi hiyo haina madhara, lakini kukatiza matibabu ya kifua kikuu ni hatari kubwa.

Rangi za hatari

Mkojo wenye damu haupaswi kupuuzwa hata kidogo. Katika sehemu za Pwani kama vile Kwale, Kilifi na Tana River, sababu mojawapo ni kichocho, ugonjwa unaompata mtu anapooga au kuchezea maji ya vidimbwi na mito yenye konokono wanaoueneza. Ikiwa mtoto wako alikwenda huko likizoni, mweleze daktari. Ugonjwa huu una tiba.

Kwa mtu mzima, hasa mvutaji sigara, damu isiyoambatana na maumivu yoyote inaweza kuwa dalili ya saratani ya kibofu. Hatari ni kwamba damu hiyo huonekana mara moja, kisha ikapotea kwa majuma kadhaa, naye mgonjwa akadhani amepona. Nenda ukapimwe hata kama imekoma.

Mkojo mweusi kama soda ya kola, pamoja na macho ya manjano au kinyesi cheupe, huashiria kwamba ini au njia ya nyongo ina kasoro. Malaria kali pia inaweza kuleta mkojo mweusi. Mkojo wenye ukungu na unaochoma huwa dalili ya maambukizi, na mama mjamzito hafai kuchelewa kuyatibu. Povu jingi lisiloisha siku baada ya siku laweza kumaanisha kwamba figo zinavujisha protini, hasa kwa wenye shinikizo la damu au kisukari.

Mkojo mweupe kama maji nao waweza kukudanganya. Ikiwa unakwenda haja ndogo mara nyingi mchana na usiku, una kiu isiyokatika na unakonda, usijisifu kwamba unakunywa maji vyema. Pimwa kisukari.

Tahadhari

Usijilazimishe kunywa maji kupita kiasi, kwani hupunguza chumvi katika damu. Wagonjwa wa moyo na wa figo wafuate kipimo walichopewa na daktari. Mtoto anayeharisha na ambaye hajakojoa kwa saa sita au zaidi apelekwe hospitalini mara moja, huku akiendelea kupewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Ukienda kwa daktari, mweleze rangi uliyoiona, siku ilipoanza, na chakula au dawa ulizotumia. Usione haya. Huenda maelezo hayo yakamsaidia kugundua ugonjwa mapema, ungali unatibika.